Baba Yangu Kwenye Foleni ya Majiko

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara niliipata kwa sababu ya vita vya watu wengine. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, fani ya ufinyanzi na matofali ya kuchoma, nikarudi nyumbani kwetu, nje kidogo ya Rulenge, binti asiye na pa kwenda. Vilima nilivyoviacha na miti nilivikuta vimefunikwa na maturubai ya bluu. Wakimbizi walikuwa wamevuka mpaka kwa wingi ambao hata mapadre wazee wa misheni walisema hawajawahi kuuona. Mashirika yalikuwa yanatafuta vijana wanaojua Kiswahili cha ofisini, wanaojua Kihangaza, na wenye kazi yoyote ya mikono. Lugha yetu na lugha ya wale waliovuka zinakaribiana sana. Bibi yangu alikuwa akiongea nao njiani muda mrefu kabla hajagundua kwamba si watu wa kwetu.

Mradi ulioniajiri ulikuwa wa majiko. Kambini watu walipikia mafiga, mawe matatu na kuni katikati, na chakula chenyewe kilikuwa mahindi makavu na maharage, vitu vya kukaa motoni tangu asubuhi hadi jua linapokaribia kuzama. Kuni zilikuwa zinaisha huku watu wanatazama. Tuliambiwa tutengeneze jiko dogo la kula kuni chache, na mkubwa wetu alikuwa mhandisi mmoja, mama wa makamo kutoka Moshi, mrefu, mtaratibu, anayevaa gamboti na kitenge. Sote tulimwita Mama Mhandisi.

Jiko lilikuwa na sehemu mbili. Nje bati, ambalo tulilipata kwa kukunjua makopo ya mafuta ya kula ya msaada. Ndani kitu kama chungu kisicho na kitako, cha udongo wa bonde lililo chini ya kwetu, kilichochomwa tanuruni mpaka kikawa chekundu. Shida yote ilikuwa pale viwili hivyo vinapokutana. Moto ukipata mwanya kati ya udongo na bati, joto linakimbilia pembeni badala ya kwenda kwenye sufuria, moshi unampuliza mpishi usoni, na bati linaungua mpaka linatoboka. Mwanya lazima uzibwe, na kizibo chenyewe kistahimili moto mkali siku nzima, siku zote. Mama Mhandisi alichora umbo la jiko, lakini kuziba alinipa mimi. Alisema mimi ndiye niliyesomea udongo.

Niliziba kwa saruji na mchanga laini, nikashindilia mpaka hapaingii hata ukucha. Niliona nimefanya kazi ya mtu mzima. Tulijaribu kwa kuchemsha maji, sufuria baada ya sufuria, na Mama Mhandisi akapitisha kiganja kuzunguka jiko lote akitafuta mahali panapovuja joto. Hakupaona. Akasema tutengeneze kwa wingi, na jioni ile nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo kidogo, sitaficha.

Nyumbani hapakuwa na cha kuringia. Baba alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, mwenye eneo dogo lakini safi, na kila Jumapili alisoma somo la kwanza kwenye kigango chetu. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma na alijua hivyo. Watu walipovuka mpaka zile siku za mwanzo, mimi nikiwa bado chuoni, aliwaruhusu wengi walale kwenye migomba yake, na mama alipika ndizi mpaka mikungu mizima ikaisha. Hayo alinisimulia mama. Baba hakuwa mtu wa kusimulia mema yake.

Lakini miezi ilikwenda, na kilima tulichokuwa tukiokotea kuni kikabaki na visiki, kisha hata visiki vikang'olewa. Mama alianza kuondoka nyumbani alfajiri na kurudi mchana na mzigo ambao zamani mtoto angeucheka. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta baba anang'oa mibuni ya upande wa chini, ile mizee aliyoachiwa na baba yake. Alikuwa ameikata mizizi na kuipanga ikauke. Alisema haizai vizuri tena. Nilijua inazaa.

Aliwahi kuniuliza mara moja, tukiwa tunakula, kwamba hayo majiko yenu sisi huku tunapata lini. Nilimwambia ni ya wakimbizi tu, ila nitaomba. Niliomba kweli. Nikaambiwa wenyeji watafikiriwa baadaye. Kutoa hata kipande cha bati nje ya karakana kulikuwa ni kufukuzwa kazi, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wangu pale misheni. Nilimletea baba jibu hilo naye akasema sawa, akaendelea kula. Hakuuliza tena.

Siku ya kugawa majiko tuliweka meza kwenye uwanja wa kambi. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na kadi yake ya chakula. Mimi nilisimama nyuma ya meza nikipokea kadi, naitoboa, nampa mtu jiko, namweleza kwa maneno machache asilimwagie maji likiwa la moto. Mama Mhandisi alikuwa pembeni yangu. Mgambo wawili walikuwa wakinyoosha foleni. Mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu, tulisali kigango kimoja.

Nilisikia kelele kabla sijaona. Yule mgambo wa kwetu alikuwa amemshika mtu mkono na kumtoa kwenye mstari, huku anasema kwa sauti ya kutaka kila mtu asikie kwamba mzee, wewe si mkimbizi, wewe nakufahamu, una migomba yako kule kijijini kwetu. Mtu mwenyewe alikuwa amevaa shati lililochanika bega na hakuwa na kofia. Miguu ilikuwa na vumbi mpaka magotini, kama mtu aliyetoka mbali. Mkononi alikuwa na kadi ya kuazima. Alikuwa akijibu kwa lugha ya ng'ambo ya mpaka, akiikokota vizuri kama wao, kwamba amekosewa, kwamba yeye ametoka huko na watoto wake.

Sauti ndiyo niliyoijua kwanza. Ilikuwa ile ile ya somo la kwanza.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka niliwaza nini pale, na ukweli ni kwamba sikuwaza. Mgambo alikuwa ameanza kumsukuma, na watu wa foleni walikuwa wameanza kucheka kile kicheko cha watu waliochoka waliopata kitu cha kutazama. Nilitoka nyuma ya meza.

"Mwachie," nilisema. "Huyo ni baba yangu."

Mgambo alimwachia kama aliyeshika chuma cha moto, maana naye hakujua kwamba nitasema, alidhani nitajifanya simjui, kama baba alivyojifanya si mtu wa kwetu. Baba alinitazama. Nilitegemea kuona shukrani, au hata hasira. Nilichokiona ni mtu aliyevuliwa nguo. Mpaka dakika ile alikuwa mzee fulani tu aliyeshikwa kwenye foleni, na angeweza kwenda zake. Mimi ndiye niliyempa jina mbele ya watu wote, nikaliaibisha jina lake na langu vilevile. Uso wangu uliwaka, masikio yakawaka, na sikujua niiweke wapi mikono yangu yenye vumbi la saruji.

Mama Mhandisi alimwambia mgambo arudi kwenye kazi yake. Kisha akamwambia baba, kwa heshima kabisa, kwamba anasikitika lakini majiko haya ni ya wenye kadi zao. Baba aliitikia kwa kichwa. Aliiweka ile kadi ya kuazima mezani, taratibu, akageuka.

Hapo ndipo alipojitokeza mwanamke mmoja aliyekwishapokea jiko lake, mama mwenye kitambaa cha njano kichwani na mtoto mgongoni. Alikuja mpaka mbele ya baba na kuliweka jiko chini, miguuni pake. Alisema kwa lugha yake, ambayo baba na mimi hatukuhitaji kutafsiriwa:

"Nililala kwenye migomba yako siku tuliyovuka. Chukua hili."

Baba alitikisa kichwa. Aliondoka bila kulichukua, akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, akapotea kati ya maturubai. Yule mama nilimsihi alichukue jiko lake. Alikataa. Alisema amekwishalitoa, halirudi. Mama Mhandisi alipoulizwa na wenzangu kama hilo linaruhusiwa, alisema jiko likishatolewa ni la mwenyewe, naye ampe amtakaye.

Hivyo jioni nilitembea kutoka kambini mpaka kwetu nikiwa nimelibeba jiko kichwani, njia nzima, nikipita mbele ya nyumba za watu ambao habari ilikuwa imewafikia kabla yangu. Walinisalimia kwa upole uliozidi. Huo upole ulinichoma kuliko maneno.

Mama alinipokea jiko bila kuuliza, na nikajua naye amesikia. Baba alikuwa ameketi nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Nilimwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," alisema, akaendelea kupukuchua.

Kwa muda fulani hakula chakula kilichopikwa kwenye lile jiko. Mama akipika maharage, baba alikwenda kuchoma kiazi chake kwenye makaa nje, akakila amesimama. Mama hakumsema, aliendelea kupika tu. Kuni zilidumu, jikoni hapakuwa na moshi, na mama alianza kulala mpaka jua lichomoze kama mtu wa zamani. Mwishowe jioni moja baba aliingia, akaketi mahali pake, akapewa sahani, akala. Jumapili hakwenda kusoma somo. Alimwambia mwenyekiti wa kigango macho hayaoni vizuri siku hizi.

Nilidhani aibu imefika mwisho wake, kwamba sasa itaanza kupungua. Kumbe ilikuwa bado na sehemu yangu.

Siku moja nikiwa karakana walikuja wanawake watatu wamebeba majiko. Waliyaweka chini bila maneno mengi. Vile vyungu vya ndani vilikuwa vimepasuka, saruji imemeguka vipande vipande, na kwenye bati la mojawapo palikuwa na tundu la kupitisha vidole. Kesho yake walikuja wengine. Baadaye ikawa kila siku, mpaka majiko yaliyokufa yakawa lundo karibu na mlango wa karakana, na watu wakipita wanalitazama. Kuna waliokuwa wamekunjua bati na kuzibia paa za vibanda vyao. Kuna mmoja aliyepanda maua ndani. Wenzangu waliliona hilo la maua la kuchekesha, nami nilicheka nao, lakini kila nikipita pale niligeuza uso.

Kisha nilirudi nyumbani nikamkuta mama mguu umefungwa majani ya mgomba. Jiko lilikuwa limepasuka maharage yakichemka, likainama upande mmoja, na sufuria ikammwagikia. Haikuwa kubwa, ngozi ya juu ya mguu tu. Lakini alipokuwa akinieleza alikuwa akijilaumu yeye, eti labda aliliweka vibaya, labda alizidisha kuni. Baba alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza. Jiko alilodhalilika kwa ajili yake mbele ya kambi nzima lilikuwa limetengenezwa na bintiye, na halikufaa.

Usiku ule sikula. Asubuhi, siku ya mapumziko, nilikaa uani na mabaki ya lile jiko nikaanza kulivunja kidogo kidogo kwa patasi. Kwa mara ya kwanza nilitazama badala ya kujitetea. Ufa haukuwa umekwenda ovyo. Ulizunguka chungu chote kama mkanda, usawa ule ule ambapo nilishindilia saruji kwa nguvu zaidi. Hapo nikaelewa. Bati likipata moto linatanuka sana, udongo unatanuka kidogo. Likipoa, bati linarudi na kubana. Mimi nilikuwa nimevifunga viwili hivyo kwa kitu kigumu kisichokubali kusogea, na kila siku, jiko likiwashwa na kupoa, vilikuwa vikivutana mpaka kilicho dhaifu kinavunjika. Maji ya majaribio yalichemka kwa muda mfupi na moto ukazimwa. Maharage yanataka moto wa kutwa, na kesho yake tena. Hatukuwa tumejaribu maharage.

Nilianza upya pale pale uani. Nilikiacha chungu huru, kimekaa juu ya vikucha vitatu vya bati vilivyokunjwa kwa ndani, pakiwa na nafasi ya kidole pande zote. Nafasi hiyo niliijaza majivu yaliyochekechwa na maganda ya kahawa yaliyosagwa, vitu vikavu, visivyoshikana. Moto ukiunguza maganda vinabaki vitundu vidogo vya hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Juu, mdomoni, niliziba kwa utepe wa udongo mbichi uliochanganywa na majivu mengi, laini, ambao ukikauka unafunga moshi lakini bado unakubali kumeguka kidogo na kukandikwa tena kwa kidole. Haukuwa mzuri kutazama kama saruji. Jiko la kwanza la namna hiyo lilivuja majivu chini. La pili utepe ulianguka ndani ya moto. Mama, mguu wake bado umefungwa, alipika kwenye kila moja kama vile hakuna kilichotokea, na jioni alinieleza lilivyokwenda. Lile tulilokubaliana nalo lilipika maharage kutwa, na bado mtu aliweza kuweka kiganja kwenye bati na kukiacha hapo.

Bati la majaribio nililipata kwa kumweleza Mama Mhandisi kila kitu, pamoja na mguu wa mama. Aliniruhusu nichukue kutoka kwenye lile lundo la mlangoni. Baadaye akasema anataka kuja mwenyewe kuliona jiko likipika jikoni mwa mtu, si karakanani.

Nilimwambia mama. Mama alimwambia baba. Baba alichukua jembe akashuka migombani kabla mgeni hajafika.

Mama Mhandisi alikuja na gamboti zake, akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko, akatazama maharage yakichemka. Alipitisha kiganja kama kawaida yake. Aliuliza maswali kuhusu maganda ya kahawa na unene wa nafasi, akaridhika. Aliponyanyuka hakuelekea njiani. Aliuliza mzee yuko wapi. Mama alisita, kisha akaonyesha kwa kidevu.

Nilimfuata nyuma nikiomba baba awe amekwenda mbali zaidi. Alikuwa pale pale, amesimama na jembe ambalo halikuwa limegusa udongo, maana lilikuwa kavu. Alituona tukija na hakuwa na pa kujificha. Mtu yule aliyemnyima jiko mbele ya watu alikuwa anakuja kwake, shambani kwake. Nilitazama chini. Mama Mhandisi, aliyekuwa mdogo kwa baba kwa miaka labda kumi tu, alisimama mbele yake, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, baba."

Baba aliliweka jembe chini. Migomba ilikuwa inapepea.

"Marahaba," baba alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Karibu kwetu."

Mama Mhandisi alimweleza kwamba jiko lililoko jikoni ndilo litakalotengenezwa sasa, na kwamba ameomba wakubwa wake waruhusu kaya zinazozunguka kambi zipate pia, kwa sababu kuni zilizoisha zilikuwa za watu wote. Hakutaja foleni. Baba alisikiliza, akashukuru, akamkatia mkungu wa ndizi. Walipoagana nilimwona baba amenyooka kidogo mgongo. Si sana.

Jiko la kwanza la namna mpya nililipeleka mwenyewe kwa yule mama wa kitambaa cha njano, ambaye muda wote ule alikuwa akipikia mafiga. Nilimkuta nje ya kibanda chake akichambua mahindi. Nilimwomba radhi kwa kumchelewesha, nikamwambia pia kwamba lile alilolitoa lilipasuka. Alicheka, akasema basi amefanya vizuri kulitoa. Halafu akanisimulia usiku ule wa migombani. Mvua ilinyesha, na baba yangu alitoka ndani na mkeka aliokuwa akilalia, akaufunga juu ya migomba miwili ili watoto wa yule mama wasiloe, kisha akarudi ndani bila kumwambia hata jina. Aliniambia kwamba tangu siku ya foleni amekutana na mzee njiani mara kadhaa, na kila mara mzee amekata kichochoro.

"Mwambie asinikwepe," alisema. "Mimi sina neno naye."

Nilimwambia baba. Alisema amesikia. Aliendelea kukata kichochoro.

Kaya za wenyeji zilipoanza kupewa majiko, mwenyekiti wa kijiji alileta la kwetu mpaka uani ili baba asihangaike kwenda. Alifanya hivyo kwa wema, nami nilimwona baba akilipokea kwa mikono miwili na kutabasamu, na nilijua hasa tabasamu lile linamgharimu nini. Yule mgambo wa kwetu naye alipata jiko lake. Alikuja siku moja kunishukuru, tukasimama barabarani tukiongea habari za kuni na mvua, hakuna aliyetaja jambo lile, na tulipoachana nilikuta nimetoka jasho.

Kisha ikaja habari kwamba watu warudi kwao. Kwa siku kadhaa barabara ya kuelekea mpakani ilijaa, watu wamebeba maturubai, magodoro, watoto, kuku, na wengine majiko yetu kichwani. Wengine waliyaacha. Nilikuwa nimetumwa barabarani kuokota yaliyotupwa ili bati litumike tena, nikawa natembea kinyume na mkondo wa watu huku nakusanya kazi ya mikono yangu kwenye mitaro. Sikuwa na uchungu wa majiko. Nilichokuwa nikiona haya ni kwamba wakati watu wale wanapita, wengi wao wakiwa hawataki kwenda, moyo wangu kwa upande mmoja ulikuwa ukifikiria kilima chetu na miti itakavyoota.

Katikati ya kundi lile nilimwona baba upande wa pili wa barabara. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na kofia, na miguuni pake palikuwa na ndizi mbivu kwenye kapu. Alikuwa akitazama nyuso za wanawake wanaopita, mmoja baada ya mwingine. Nilivuka nikasimama naye. Hakuniuliza nafanya nini pale, nami sikumuuliza. Tulitazama mpaka jua likawa utosini, kisha likaanza kushuka. Vitambaa vya njano vilipita vingi, hakuna kilichokuwa chake. Mwishowe baba alianza kuzitoa zile ndizi kwa watoto waliokuwa wakipita, moja moja, mpaka kapu likawa tupu.

Tulipokuwa tunarudi alisema, "Sikumwona."

Nilimwambia labda alipita alfajiri, au labda amekwenda na njia nyingine.

"Nilitaka tu anione," alisema baba, "nimevaa vizuri."

Nilimpokea kapu, tukaendelea kutembea.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa upande wa Biharamulo, kwanza karibu na Nemba na baadaye Nyantakara, kufundisha vikundi vya akina mama wa vijijini kujitengenezea majiko yao. Udongo wa kule una mchanga mwingi na maganda ya kahawa ni adimu. Tulitumia pumba za mpunga, na ilinichukua muda kupata mchanganyiko usiomomonyoka. Nilikuwa nawaambia wasishindilie, wakiache chungu kipumue, na walinielewa upesi kuliko nilivyojielewa mimi. Watu waliponiita mtaalamu niliitikia, lakini kila mara nilisubiri sekunde moja, kama mtu anayetegemea kusikia sauti kutoka kwenye foleni ikisema, wewe nakufahamu.

Likizo moja nilikwenda nyumbani, Jumapili nikaenda kanisani na mama. Baba alikuwa ameketi benchi la nyuma, upande wa wanaume, karibu na mlango. Kijana mmoja aliyetoka shule alisoma somo la kwanza, akikwama kwenye majina marefu ya Agano la Kale. Nilimtazama baba. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na maneno, polepole, bila sauti, na alipoona namtazama aliifunga.